Kabla ya Kumnyima Mtoto Karanga: Maelezo Kuhusu Mzio wa Chakula



Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu mzio wa chakula, jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa jina la aleji. Nitazungumza kama tabibu anayewahudumia watu wa kawaida katika chumba kidogo cha zahanati, mahali ambapo hakuna mashine kubwa wala daktari bingwa, kwa sababu huko ndiko walaji wengi wa Dodoma na nyanda za kati wanakoanzia.

Mgonjwa huja akiwa na neno moja mdomoni: "Nimekula kitu kikanidhuru." Neno hilo huweza kuwa na maana nyingi. Wapo wanaoamini kuwa kila tumbo linapounguruma ni aleji, na wakaanza kuacha vyakula kimoja baada ya kingine hadi sahani ikabaki na ugali na chumvi. Wapo pia ambao midomo ikivimba na pumzi ikikata baada ya kula, husema wamelishwa kitu na mbaya wao, wakakimbilia kwa mganga badala ya kituo cha afya. Wa kwanza hupoteza afya polepole. Wa pili anaweza kupoteza uhai ndani ya nusu saa.

Mzio ni nini basi? Mwili una askari wake wa kupambana na vijidudu. Kwa baadhi ya watu, askari hao hukosea shabaha na kukichukulia chakula kisicho na madhara, kwa mfano yai au karanga, kuwa ni adui. Hutengeneza kingamwili maalumu dhidi yake, na siku chakula hicho kinapoliwa tena, mwili humwaga kemikali zinazovimbisha ngozi, kubana njia za hewa na kushusha msukumo wa damu. Neno aleji lenyewe lilitungwa na daktari wa watoto wa mjini Vienna, Clemens von Pirquet, mwaka 1906. Kingamwili inayohusika, ile iitwayo IgE, haikufahamika hadi miaka ya 1960. Kwa hiyo elimu hii si kongwe sana, na si ajabu kwamba wazee wetu walikuwa na maelezo mengine.

Vyakula vinavyosababisha sehemu kubwa ya mizio mikali duniani si vingi: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, kamba na kaa, soya, ngano, na ufuta. Chakula kingine chochote kinaweza kuleta mzio, lakini tabibu anayesikia hadithi ya mgonjwa huanza kwa kuvitazama hivi.

Sasa niwaombe tukae kidogo kwenye yale yasiyo mzio, kwa kuwa ndiyo yanayojaza chumba changu.

La kwanza ni maziwa. Mtu mzima anakunywa kikombe cha maziwa mabichi au ya moto, kisha tumbo linajaa gesi na kuharisha. Mara nyingi huo si mzio. Ni upungufu wa kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, laktosi. Binadamu wengi duniani hupungukiwa na kimeng'enya hicho wakishapita utoto. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, na likaonesha kuwa baadhi ya watu wa jamii za Afrika Mashariki, hasa zenye asili ya ufugaji, wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, mabadiliko yaliyo tofauti na yale ya Ulaya. Ndiyo maana katika kijiji kimoja jirani mmoja hunywa kibuyu kizima bila shida na mwenzake hulala na tumbo. Huyu wa pili hana haja ya kuyaogopa maziwa. Akinywa kidogo kidogo, au akitumia maziwa mgando ambayo sehemu ya sukari yake imekwisha kuliwa na bakteria, mara nyingi hatapata taabu.

La pili ni samaki. Sisi tuko mbali na bahari, na vibua au jodari wanaofika sokoni wamesafiri na barafu, au wakati mwingine bila barafu ya kutosha. Samaki wa aina hiyo akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huimwaga wakati wa mzio. Mlaji hupata uso mwekundu, kichwa kuuma, mwili kuwasha, na hakuna jiko linaloweza kuiondoa histamini hiyo kwa kuchemsha au kukaanga. Tofauti yake ni hii: wakila watu watano kutoka sufuria moja, wengi wao watawashwa. Mzio huchagua mtu, lakini samaki aliyeharibika hamjui baba wala mama. Ukipatwa na hali hiyo usiseme "siwezi kula samaki tena", bali mtafute aliyekuuzia, na umtaarifu afisa afya.

La tatu ni zito zaidi, na watu wa mkoa huu wanalikumbuka. Mwaka 2016, katika wilaya za Chemba na Kondoa, na Kiteto kwa jirani zetu wa Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua na wapatao 20 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Walitapika, matumbo yalivimba, macho yakawa ya njano. Ule haukuwa mzio. Ilikuwa sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Ninaitaja hapa kwa sababu karanga chungu, iliyosinyaa au yenye ukungu humdhuru kila anayeila, na asiyejua tofauti anaweza kusema "mwanangu ana aleji ya karanga" huku gunia lenye sumu likiendelea kuliwa na nyumba nzima.

Sasa, mgonjwa akifika mbele ya tabibu, kazi hufanyika vipi? Niseme waziwazi kwamba kipimo kikubwa kuliko vyote ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Tabibu atauliza ulikula nini na kiasi gani. Atauliza ilichukua muda gani hadi dalili kuanza, kwa kuwa mzio wa ghafla kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili, si kesho yake. Ataomba kujua kama chakula hicho kimewahi kuliwa tena na nini kilitokea. Mtu aliyekula mayai Jumapili akavimba, akala mayai Jumatano na Ijumaa bila kitu, hana mzio wa mayai. Jambo la Jumapili lina sababu nyingine. Atauliza pia kuhusu dawa, na swali hili watu hulipuuza. Dawa za salfa, dawa za maumivu kama diklofenaki, na baadhi ya dawa za kuua bakteria huleta vipele na uvimbe unaofanana kabisa na ule wa chakula. Wakati mwingine mtu amemeza kidonge asubuhi na kula samaki mchana, na lawama yote ikamwangukia samaki. Pombe, homa na kazi nzito mara tu baada ya kula vinaweza kuuchochea mzio ambao siku nyingine ungelala.

Tuchukue mfano wa uji wa lishe, kwa kuwa sijui chakula kinachowasumbua zaidi akina mama wanaokuja na swali hili. Mtoto wa miezi saba anapewa uji wa unga ulionunuliwa sokoni. Baada ya robo saa anatoka mabaka mekundu usoni na kutapika. Mama anauliza: "Daktari, ni nini?" Namuuliza unga una nini ndani yake. Anahesabu: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, na pengine dagaa. Vitu vinane kwa pamoja! Tabibu gani atakayemjua mkosaji katika baraza hilo? Uji wa namna hiyo hausaidii hata kwa lishe kiasi watu wanavyodhani, kwa sababu nafaka tano zikichanganywa bado ni nafaka tu. Afadhali mama atumie nafaka moja, kisha aongeze kitu kimoja kipya, asubiri siku mbili au tatu, ndipo aongeze kingine. Hapo mwili wa mtoto utazungumza na sisi tutaelewa.

Kwa sababu hiyo nawaomba mnaoshuku mzio mje na daftari. Daftari la shule la kawaida linatosha. Andika tarehe, saa ya kula, kila kilichokuwa kwenye sahani pamoja na mafuta na kiungo, saa dalili zilipoanza, na dalili zenyewe. Ukiwa na simu, piga picha ya vipele, maana mara nyingi vinakuwa vimetoweka mgonjwa anapofika zahanati. Kama chakula kilitoka kwenye pakiti, njoo na pakiti. Daftari la wiki mbili limewahi kunieleza mengi kuliko karatasi ya maabara.

Na hizo karatasi za maabara? Vipo vipimo halali: cha kuchoma ngozi kidogo kwa sindano yenye tone la chakula, na cha damu kinachopima IgE. Hufanywa katika hospitali kubwa zenye wataalamu, na tabibu wa zahanati humwandikia mgonjwa rufaa anapoona vinahitajika. Lakini vina udhaifu ambao sisi wa Afrika hatuna budi kuujua. Watafiti waliowapima watoto wa shule nchini Ghana, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2013, waliwakuta watoto wengi wenye kingamwili dhidi ya karanga katika damu, nao walikuwa wakila karanga bila shida yoyote. Kingamwili hizo zilihusishwa na maambukizi ya kichocho, kwa kuwa sukari fulani zilizomo katika vimelea hufanana na zile zilizomo katika mimea. Katika nchi yenye minyoo na kichocho, karatasi inayosema "ana IgE ya karanga" haitoshi kumwachisha mtu karanga. Kipimo huthibitisha hadithi iliyopo. Hadithi isipokuwepo, kipimo peke yake ni uvumi.

Kuhusu mashine zile za "kupima mwili mzima", ambazo mtu hushika kifaa mkononi na baada ya dakika moja anaambiwa ana aleji ya vyakula kumi na vinne kisha anauziwa virutubisho, niseme kwa ufupi: hazipimi mzio. Vivyo hivyo vipimo vya nywele. Fedha hiyo inunulie trei ya mayai.

Tabibu akishapata shaka yenye msingi juu ya chakula kimoja, na dalili zikiwa si za hatari, humshauri mgonjwa akiache kwa wiki mbili hadi nne, kisha akirudishe. Watu wengi hufanya nusu ya kwanza tu. Wanaacha, wanapona, wanamshukuru Mungu, na hawarudishi kamwe. Lakini bila kurudisha hakuna uthibitisho, kwani huenda ugonjwa ulikuwa umekwisha wenyewe. Ila msikie vizuri: kama dalili za kwanza zilihusu kupumua, koo, au kuzimia, usirudishe chakula hicho nyumbani hata kwa kuonja. Jaribio la namna hiyo hufanyika hospitali pekee, mbele ya wahudumu wenye dawa mkononi.

Kwa nini nasisitiza kurudisha? Kwa sababu ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini mwetu wamedumaa. Katika nyumba ambayo yai, maziwa na karanga ndivyo vyanzo vya karibu vya protini na mafuta, kumwondolea mtoto vyote vitatu kwa dhana tu ni kumwongezea hatari iliyo dhahiri ili kumkinga na hatari isiyo na uhakika. Ukiondoa chakula, uliza papo hapo: nini kinakuja mahali pake? Maharage, kunde, choroko, dagaa, nyama, kila nyumba itatafuta kwa uwezo wake. Wala maziwa ya mbuzi si mbadala kwa mtoto mwenye mzio wa kweli wa maziwa ya ng'ombe, ingawa ushauri huo umeenea sana kwetu tunaofuga mbuzi. Protini zake zinafanana mno, na watoto wengi sana wenye mzio wa moja hudhurika na la pili. Ziwa la mama lisikatizwe. Na mzio wa mayai usiwe sababu ya kumkosesha mtoto chanjo ya surua. Chanjo hiyo ni salama kwake. Ya homa ya manjano ndiyo inayotaka mashauriano kwanza. Habari njema ni kuwa watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai huacha kuwa nao wanapokua, kwa hiyo jambo hili lipimwe upya baada ya muda. Mzio wa karanga na wa samaki hudumu zaidi.

Sasa nieleze hali ya hatari, na hapa naomba utulivu. Mtu amekula, na ndani ya dakika chache ngozi inamwasha mwili mzima, midomo au ulimi vinavimba, sauti inakwaruza, anapumua kwa mluzi, anatapika mfululizo, anaishiwa nguvu au anazimia. Dalili za kupumua au kuzimia zikitokea ghafla baada ya chakula, hata bila vipele, hiyo ni dharura. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, inayopigwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Si dawa ya anasa: imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bei yake ni ndogo. Ukifika kituoni sema wazi, "Amekula kitu, anashindwa kupumua", ili asipangwe foleni.

Usimnyweshe maziwa kwa kudhani unaua sumu, anaweza kupaliwa. Vidonge vya Piriton hupunguza kuwasha, lakini havifungui koo linaloziba wala kuinua damu iliyoshuka, basi msikae nyumbani mkisubiri vifanye kazi. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Akishindwa kupumua mwacheni aketi, miguu ikiwa imenyooshwa. Akitapika au kuzimia alale ubavu. Asisimamishwe wala kutembezwa, maana wapo waliofariki kwa kusimama tu ghafla. Kwa hiyo gari au bajaji anamoweza kujinyoosha ni bora kuliko bodaboda. Najua kuna vijiji ambako bodaboda ndiyo pekee iliyopo. Huko, mmoja apige simu kituoni kabla ya safari ili sindano iwe tayari. Na akishapata nafuu asiharakishe kurudi nyumbani, kwani dalili huweza kurejea baada ya saa kadhaa.

Wazazi huniuliza kama ni busara kumchelewesha mtoto kuanza karanga ili asipate mzio. Zamani hata madaktari wa Ulaya na Marekani walishauri hivyo. Kisha, mwaka 2015, Gideon Lack na wenzake wa London walichapisha utafiti uliofanyika kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio: waliolishwa karanga mapema na mara kwa mara walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 80 kuliko walionyimwa. Ushauri ukageuka. Kwetu sisi, tuliokuwa tukitia karanga kwenye mlenda na mchicha tangu kabla Waingereza hawajaja Kongwa na mradi wao wa karanga wa mwaka 1947, ambao walikwisha kuutelekeza ilipofika 1951, hili halina ugeni. Mtoto akifikisha miezi sita na kuanza chakula, karanga iliyosagwa laini iingie kwenye uji, kidogo kwanza. Iwe karanga safi, iliyochambuliwa, isiyo na ukungu. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa hofu ya kupaliwa. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kuonesha mzio wa yai, aonwe na tabibu kabla ya kuanza.

Imebaki habari ya sokoni. Mwenye mzio uliothibitishwa ana haki ya kujua anachokinunua. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na chakula cha pakiti kinapaswa kuwa na jina la mtengenezaji, tarehe za kutengenezwa na kuisha muda, na orodha ya viambato, kile kilicho kingi kikitangulia. Soma orodha hiyo kila unaponunua, hata bidhaa uliyoizoea, kwa kuwa mtengenezaji hubadilisha mchanganyiko bila kukupigia simu. Unga wa lishe usio na orodha usimpe mtoto mwenye mzio, hata ukiuzwa na mtu unayemwamini.

Mashine ya kusaga nayo ina siri yake. Aliyekutangulia akisaga soya au karanga, mabaki yake yatatoka na mahindi yako. Mwombe mwendeshaji, umweleze sababu, asage kwanza kiasi kidogo cha mahindi ya kusafishia, na unga huo usiutumie kwa mgonjwa. Kwa mama lishe na muuza chipsi, uliza kuhusu mafuta: karai moja huweza kuwa limekaanga samaki, mihogo na mayai tangu asubuhi, na chipsi zako zikabeba vyote. Kashata na vitafunwa vinavyouzwa kwenye mabasi stendi havina orodha, basi aliye na mzio wa karanga, korosho au ufuta avipitie mbali.

Mtoto anapoanza shule, mwalimu apewe karatasi moja yenye mambo matatu kwa maandishi makubwa: chakula asichopaswa kula, dalili zake zinavyoanza, na namba ya simu ya mzazi pamoja na ya kituo cha afya kilicho karibu. Nakala ya pili apewe mpishi wa shule, kwa maana ndiye anayejua kama leo mboga imetiwa karanga. Mtoto mwenyewe, akishafikia umri wa kuelewa, afundishwe kukataa kipande cha kashata cha rafiki yake bila kuona haya, na kumwambia mtu mzima mara tu midomo inapoanza kumwasha.